Tundu la milimita 28 au la milimita 38?

Kwenye sanduku la kutagia ndege, tundu ndilo bawabu. Nchini Marekani wageni wasumbufu ni wawili: kwezi wa Ulaya, aliyeachiwa New York mwaka 1890, na shomoro wa majumbani. Wote hutaga ndani ya matundu, na ndege wenyeji huishia kufukuzwa.

Tundu la milimita 28 huwazuia wote wawili. Anayefaidika ni ndege mdogo kama Troglodytes aedon, yaani “house wren” kwa Kiingereza (naye si malaika, hutoboa mayai ya majirani). Pigilia tu kibati kuzunguka tundu, kwani kindi hulitafuna na vigong'ota hulichonga hadi likapanuka.

La milimita 38 ni habari nyingine. Linampitisha ndege wa buluu, Sialia sialis, na kumzuia kwezi, lakini shomoro anaingia bila shida. Hapo mlinzi ni wewe. Kagua kila wiki. Ukikuta nyasi zimerundikwa ovyo pamoja na manyoya na vipande vya karatasi, huenda ni za shomoro. Hakikisha kwanza, maana viota vya ndege wa asili vinalindwa na sheria ya huko, kisha uziondoe kabla hajataga. Weka sanduku uwandani, mbali na majengo, kwa kuwa shomoro hupenda kukaa karibu na watu. Kama huna muda huo, kwa maoni yangu chagua la 28.

Kijiti cha kutua mlangoni usiweke kwenye lolote. Wenyeji hawakihitaji, kinamsaidia shomoro.