Pietta 1858 kaliba .44: rivolva ya gobori kwa wapenda shabaha

Kwa mlenga shabaha wa Nairobi anayetaka rivolva ya kushindilia baruti, nakala ya Remington New Model Army (ndiyo huitwa 1858) inayotengenezwa na Pietta huko Gussago, Italia, ndiyo ya kuitazama kwanza. Sababu ni fremu yake. Chuma chake kinapita hadi juu ya silinda, kwa hiyo mtutu hauchezi, tofauti na nakala za Colt za zama hizo ambazo mtutu umeshikwa na kabari. Chukua yenye fremu ya chuma. Ile ya shaba ya manjano ni nafuu, lakini shaba hutanuka kadiri unavyopiga, na mwanya kati ya silinda na mtutu unazidi kukua.

Silinda nayo hutoka upesi: vuta nyundo nusu, teremsha mkono wa kushindilia, vuta pini mbele, basi. Ishindilie kwenye kishindilio cha mezani, na vidole vyako havitakaa mbele ya mtutu.

Kwa mita 25, greini 18 hadi 20 za baruti nyeusi ya FFFg, yaani ya punje ndogo (takriban gramu 1.2 hadi 1.3) zinatosha kabisa. Juu yake weka semolina, ile ya supamaketi, halafu gololi ya risasi laini (madini ya ledi) ya inchi .454. Semolina inajaza nafasi na kufanya gololi ikae karibu na mdomo wa chumba cha silinda, maana hewa haitakiwi kubaki kati ya baruti na gololi. Gololi ikiingia lazima ikatike pete nyembamba ya risasi, kamili pande zote. Pete isipotoka, gololi ni ndogo: moto unaweza kupenya hadi vyumba vya jirani vikalipuka kwa pamoja, au gololi ikasogea mbele kwa mtikisiko na kuikwamisha silinda. Usimimine baruti kutoka kwenye chombo kikubwa moja kwa moja hadi chumbani. Cheche moja iliyobaki inatosha kukilipua mkononi. Pima kila mgao mapema katika kichupa chake. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kamwe. Shinikizo lake hupasua silinda.

Udhaifu mkubwa wa muundo huu ni masizi. Pini ya Remington ni nyembamba na haina mifereji ya kushika grisi kama ile ya Colt, hivyo silinda huanza kugoma baada ya kujazwa mara mbili au tatu. Hilo si dogo: katika shindano la Mariette la MLAIC, chama cha kimataifa cha walengaji wa magobori, unapiga risasi 13 ndani ya dakika 30 na 10 bora ndizo zinazohesabiwa. Yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki kwa mbili za mafuta ya kondoo, upake pini na midomo ya vyumba, na ufute uso wa silinda kwa kitambaa chenye unyevu kila unapojaza. Januari na Februari ongeza nta, la sivyo mchanganyiko hutiririka. Oili ya injini iache. Ikichanganyika na masizi inageuka lami.

Fataki, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, ziwe namba 10 au 11 kutegemea chuchu, yaani vijibomba vya nyuma ya silinda zinamovikwa. Zikilegea, vipande huangukia kwenye njia ya nyundo na mtambo unakwama. Inua mtutu kidogo unapovuta nyundo, ukiuelekeza upande wa shabaha daima, na vipande vitadondoka nje.

Vilengeo vya toleo la kawaida havirekebishwi kwa skrubu. Amua kwanza kipimo chako cha baruti, ndipo ushike tupa: risasi zikigonga chini, punguza kilengeo cha mbele kidogo kidogo. Zikigonga juu, tupa haisaidii, unahitaji kilengeo kirefu zaidi. Mwenye nia ya mashindano ya ndani ya nchi tu anunue toleo la Target, lenye kilengeo cha nyuma kinachorekebishika. Pima pia vyumba kwa kalipa. Vikiwa vyembamba kuliko kipenyo cha mifereji ya ndani ya mtutu, gololi hupita imelegea na makundi yanatawanyika. Fundi mwenye kekee ya kusawazishia matundu anaweza kuvipanua vyote sita kwa kipimo kimoja.

Usafishaji ni siku hiyohiyo, maji ya moto na sabuni, chuchu zimefunguliwa. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na wakati wa masika kutu huonekana kufikia asubuhi. Kausha kwa joto, kisha mafuta mepesi.

Kabla ya kuagiza, pata kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha, na kumbuka baruti ina sheria yake tofauti, Sheria ya Vilipuzi. Agiza pamoja chuchu sita za akiba, springi ya kidole kinachozungusha silinda, na springi ya kifyatulio. Hizo mbili ndizo hukatika kwanza, na dukani Nairobi usitegemee kuzikuta.