Rigi yangu ya magemu ya reisi iliyochomelewa Gerezani, Dar es Salaam, miezi minane baadaye

Nianze na breki maana ndo ilonisumbua hadi nikaenda kutafuta fundi anichomelee rigi, yani fremu ya chuma ya kushika siti, steringi na pedali za gemu. Steringi yangu ni Logitech G29, niliichukua mtumba pamoja na pedali zake tatu kwa laki sita na ushee, na wenye nayo wanajua pedali ya breki ya G29 ina kipande cha raba ndani, ukishaifikisha nusu inakuwa ngumu inataka uisukume kwa mguu kweli kweli kama breki ya gari. Sasa mimi steringi nilikuwa nimeibana kwenye meza ya kulia chakula, pedali ziko chini kwenye vigae, nimekaa kiti cha ofisi cha magurudumu. Unafika mwisho wa ile nyoofu ndefu ya Monza, uwanja wa reisi wa Italia, uko spidi 270 huko, unakanyaga breki, kiti kinarudi nyuma, pedali zinateleza mbele, mguu umenyooka na gari imeshapitiliza kona. Nikakifunga kiti kwa kamba kwenye mguu wa meza. Meza nayo ikaanza kuvutwa.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nakisema kwa uhakika kabisa leo, kwamba kwenye huu mchezo hela ya kwanza iende kwenye fremu. Vijana wengi wanaoniuliza wanaanzia kwenye steringi, wanataka direkti draivu, yani steringi iliyokaa moja kwa moja kwenye mota bila gia wala mkanda, wanataja Moza R5 na Fanatec CSL DD, na kweli ni vitu vizuri, hizo zina nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni mita) 5 na kuendelea wakati G29 inacheza kwenye Nm 2 hivi. Lakini fosi fidibaki ni mota inayovutana na mikono yako ikupe habari za tairi, inakuambia mbele kunaanza kuteleza, nyuma kunataka kuja, sasa ukiifunga kwenye meza inayocheza ile habari inaishia kwenye meza. Unabaki na mtikisiko tu. Steringi ya laki sita kwenye chuma kilichotulia itakufundisha kuendesha kuliko ya milioni mbili iliyobanwa kwenye kitu kinachoyumba, na hili sijasoma mahali, nimelihisi mkononi kwa steringi ileile moja kabla na baada.

Nilijaribu mbao kwanza. Plaiwudi na mbao za mbili kwa nne, wiki mbili zikaanza kulegea kwenye skrubu, nikaacha.

Kabla ya kwenda kwa fundi nikafanya jambo ambalo naomba kila mtu alifanye maana halina gharama. Shemeji ana IST, Jumapili moja nikamwomba funguo, nikakaa siti ya dereva nikajiweka sawa kama naenda safari, nikachukua tepu nikapima kila kitu, siti iko juu ya sakafu kiasi gani, kutoka ukingo wa siti hadi breki, kutoka kifuani hadi steringi, na pedali zimelala vipi. Mgongo uguse siti wote, ukinyoosha mkono kifundo kikalie juu kabisa ya steringi bila bega kunyanyuka, na ukikanyaga breki hadi mwisho goti libaki limekunja kidogo. Nikachora kwenye karatasi ya daftari la mdogo wangu, mchoro mbaya lakini vipimo vyote vipo, na ile karatasi ndo nilimpa fundi.

Fundi nilimpata Gerezani. Akaikodolea macho ile karatasi akaniuliza, "Bosi, hiki kiti cha saluni?" Nikamwambia hapana fundi, cha kuendeshea gari. "Gari lenyewe liko wapi?" Liko kwenye tivii. Akacheka sana, afu akanyamaza akaanza kuuliza maswali ya maana, mtu ana kilo ngapi, steringi inavuta kwa nguvu gani, mguu unasukuma mbele au chini. Ni yeye alosema hizi nguzo mbili za steringi zikisimama peke yake zitacheza kushoto kulia, akaongeza vipande viwili vya mshazari kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye miguu ya chini. Sikuwa nimevichora. Hivyo vipande viwili ndo roho ya rigi nzima, ukishika steringi ukaitikisa kwa nguvu unatikisika wewe.

Tulitumia skwea paipu ya 40 kwa 40, mapande mawili ya mita 6, na kakibaki kakipande. Urefu wa rigi mita 1.3, upana nusu mita.

Kosa likafanyika kwenye pedali, na mimi nililibariki. Pale pa kukalia pedali fundi alikuwa na bati jepesi la milimita 1.5 kwenye mabaki yake, akasema litatosha, na mimi nikaona naokoa elfu kumi na tano. Nikafika nyumbani nikafunga, nikaendesha, kila kitu kizuri isipokuwa breki bado siielewi, kila lapu inafunga mahali tofauti. Nikamwambia dogo akae akanyage breki kama anagombana nayo, mimi nikalala chini na tochi ya simu naangalia kwa chini. Bati lilikuwa linabonyea kama mfuniko wa ndoo ya rangi, na akiachia linarudi linatoa ka sauti, tok. Yani sehemu ya mwendo wa mguu wangu ilikuwa inaishia kukunja bati, na programu inasoma ile iliyobaki. Nikarudi Gerezani, likatolewa, ikawekwa pleti ya milimita 4 na paipu moja imepita chini yake sawasawa na ilipo pedali ya breki. Wiki hiyohiyo nikaweka lapu kumi mfululizo Monza zote zimepishana chini ya sekunde moja, kitu ambacho sijawahi kufanya maisha yangu, na steringi ni ileile, pedali zilezile.

Kwahiyo kama fundi wako anataka kubana matumizi, abane popote lakini pale miguuni asiguse.

Siti niliitafuta Ilala kwenye spea za mtumba, siti ya Toyota ya dereva na reli zake, elfu tisini. Hakikisha unachukua na reli, zile za kusogezea mbele na nyuma, maana ndugu zako watakaa na kila mtu ana miguu yake, bila reli utakuwa unafungua bolti kila siku. Na angalia pembeni ya mgongo wa siti, kama imeandikwa SRS Airbag basi humo ndani kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa kulipuka, waya wake huwa na soketi ya njano chini ya siti. Usiupime na kipima umeme, usiuunganishe na kitu, ikiwezekana chagua siti isiyo nayo. Mimi niliziacha mbili nzuri sana kwa sababu hiyo.

Kuifunga G29 kwenye chuma, kwa chini ina matundu mawili ya bolti za M6, na pedali nazo zina yake. Usihangaike kupima na rula, weka karatasi ngumu chini ya steringi, toboa kwa ncha ya penseli kupitia matundu, afu ile karatasi ipeleke ikabandikwe kwenye chuma fundi apige drili palepale. Bolti isiwe ndefu ikazama mpaka ndani kwenye mashine. Nati weka zenye nailoni ndani au springi washa, maana steringi inatikisa muda wote na nati za kawaida kwangu zilianza kujifungua zenyewe mwezi wa pili.

Hesabu yote ya fremu. Paipu elfu sabini na sita, ufundi sabini, siti tisini, pleti kumi na tano, bolti na nati kumi na mbili, rangi kumi na nane, bajaji ya kubeba kumi na tano. Laki mbili na tisini na sita elfu. Kuna zile za kukunja kama Playseat Challenge, nimekalia ya rafiki yangu, ni nyepesi na unaisukumia kona ukimaliza, mtu wa chumba kimoja aiangalie hiyo kwanza. Maana hii yangu haikunjiki, haibebwi na mtu mmoja, imekula kona nzima ya sebule na mama ameshaulizia mara tatu itatoka lini.

Kelele nayo niseme. G29 inatumia gia ndani, sio mkanda kama Thrustmaster T300, kwahiyo ukipita kwenye rafu rodi inagonga, na ukishaifunga kwenye chuma ile sauti inashuka kwenye paipu inaingia sakafuni. Sisi tuko ghorofa ya pili. Nimekata ndala za zamani nikaweka vipande viwili viwili chini ya kila mguu wa rigi, jirani wa chini sasa anatusalimia vizuri.

Kitu kingine ambacho fremu imenipa na sikukitegemea ni kusogeza tivii. Ina inchi 32, zamani ilikuwa ukutani mita mbili na nusu kutoka nilipo, sasa iko nyuma ya steringi sentimita 70 kutoka machoni. Kwa umbali huo tivii inakula nyuzi kama 54 za upana wa macho yako, kwahiyo na kamera ya gemu uiwekee hivyohivyo. Gemu ya Assetto Corsa wao wanahesabu kwa wima, ukipiga hesabu inakuja 32 hivi. Mwanzoni utaona kama umevaa boksi kichwani, vioo vya pembeni huvioni, na utahisi gari iko slo. Vumilia siku tatu. Kona zinakuwa na ukubwa wake wa kweli, unaanza kujua umbali kwa jicho na sio kwa kuhesabu vibao vya mita 100. Na ukiwa humohumo kwenye Assetto Corsa washa ile programu ndogo ya pedali, ina mstari wa fosi fidibaki, ukigeuka mwekundu kwenye kona ujue umeweka nguvu kupita uwezo wa mota na habari zinakatwa, punguza kidogo kidogo mpaka wekundu uje kwa nadra tu.

Alama zangu, fremu tisa kwa kumi, hiyo moja nimeitoa kwa uzito na kutu iliyoanza kwenye maungio mawili ambapo rangi ilipigwa bila kusafishwa vizuri, nimepiga msasa nikapaka upya. Siti kumi, nakaa masaa matatu mgongo hausemi kitu.

Kinachofuata ni hendibreki. Nimeanza kucheza gemu ya rali ya EA Sports WRC, ina Safari Rally ya Kenya, na zile kona za kurudi ulikotoka kwenye vumbi bila hendibreki huzikati. Nimeshapata Arduino Leonardo, kabodi kadogo ka elektroniki, ile kompyuta inaisoma kama joistiki ya kawaida, na sensa yake ninayo. Fundi kaniambia nimletee mkono wowote wa chuma wa gari bovu atauchomelea kulia kwa siti, na safari hii pleti ya milimita 4 naibeba mwenyewe.