Uzoefu wangu na PostgreSQL, programu ya hifadhidata: namba za wiki zinazojihesabu zenyewe

Katika biashara ya maua watu hawaongei kwa tarehe, wanaongea kwa wiki. Mnunuzi wa Uholanzi hakwambii anataka waridi tarehe 3 Februari. Anaandika "wiki ya 5, katoni 40", basi, yamekwisha. Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye shamba la waridi kando ya Ziwa Naivasha, na kwa miaka mitatu namba hizo zilikuwa zikitoka kwenye spredishiti niliyoitengeneza mwenyewe. Niliiamini kama saa ya ukutani.

Kosa lilikuwa langu. Fomula ya namba ya wiki niliiacha jinsi nilivyoikuta, na ukiiacha hivyo inaanza wiki Jumapili, tena inaita wiki ya 1 ile yenye Januari mosi hata ikiwa imebakiza siku mbili tu. Waholanzi wanafuata ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya tarehe: wiki inaanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Mwaka 2018, 2019 na 2020 hesabu hizo mbili zilipishana Jumapili na siku chache za mwisho wa Desemba tu, nani angegundua? Mwaka 2021 ukaanza Ijumaa. Fomula yangu ikazipa Ijumaa na Jumamosi hizo wiki nzima ya kwao, na kuanzia hapo tukawa mbele ya mnunuzi kwa wiki moja.

Jumatano ya tarehe 27 Januari dada mmoja wa kufungasha akanijia na lebo mkononi. "Kaka, hizi katoni za wiki ya 5 hazina gari. Lebo inasema leo, orodha ya gari inasema wiki ijayo." Nikasimama pale kwenye chumba baridi nikitazama waridi jekundu la Valentine lililokatwa siku saba kabla ya wakati wake. Waridi halikai kama viazi. Nyingi ziliishia kuuzwa Nairobi kwa bei ya kutupa.

Baada ya hapo ndipo nikahamishia kumbukumbu zote kwenye PostgreSQL, ambayo ni ya bure na kompyuta yetu kuukuu ya ofisini iliimudu bila shida. Kilichonivutia ni kwamba ukiiomba EXTRACT, amri ya kuchomoa sehemu ya tarehe, yenye neno WEEK, inakupa wiki ya ISO bila kuuliza swali. Tangu toleo la 12, la mwaka 2019, unaweza pia kuweka safu inayojijaza yenyewe: unaandika tarehe ya kukata, namba ya wiki inatokea pembeni, na hakuna mtu anayeweza kuichezea kwa mkono. Kwangu hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, maana vijana wa zamu ya jioni walikuwa na tabia ya "kurekebisha" namba.

Kuijenga safu hiyo kulinitoa jasho kidogo. Nilianza na to_char, amri ya kugeuza tarehe kuwa maandishi, kwa sababu nilitaka ionekane vizuri, mwaka na wiki pamoja. Ikakataa katakata, ikidai hesabu hiyo si ya kudumu. Nilikasirika, baadaye nikaelewa: matokeo ya to_char yanaweza kubadilika kulingana na mipangilio ya mashine, na safu ya kujijaza haitaki kitu kinachobadilika. Nikatumia EXTRACT juu ya tarehe isiyo na saa, ikapita. Sasa to_char naitumia kwenye ripoti tu, kwa IYYY na IW, yaani mwaka na wiki za ISO. Usiandike WW kwa kudhani ni kitu kilekile. Hiyo inahesabu siku saba saba kuanzia Januari mosi, iwe Jumanne iwe Jumamosi.

Mtego ulioninasa muda mrefu zaidi ni wa mwaka. Wiki nilikuwa naichukua kwa WEEK na mwaka kwa YEAR, naona sawa tu. Halafu wiki ya 1 ya 2024 ikavimba ghafla kwenye ripoti. Kumbe Desemba 30 na 31 za mwaka huo ziko wiki ya 1 ya 2025, lakini YEAR bado inasema 2024, basi maua ya Desemba yakaenda kulala kitanda kimoja na ya Januari iliyotangulia. Dawa yake ni ISOYEAR, mwaka unaohesabiwa kwa wiki za ISO. Ukitumia WEEK, itumie pamoja nayo, hata kama leo huoni tofauti.

Angalia na saa pia. Gari la uwanja wa ndege likiondoka saa nane za usiku kuamkia Jumatatu, kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, bado ni saa tano usiku wa Jumapili, na mzigo unahesabiwa wiki iliyopita. Siku hizi naigeuza kwanza iwe saa ya Nairobi, ndipo natoa wiki.

Mama mmoja wa hesabu alinicheka nilipomweleza kwamba Jumatatu ndiyo siku ya 1. "Ya tatu imekuwaje ya kwanza? Na Jumamosi tuipeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Mpangilio wa siku zetu haukumngoja Mholanzi.

Ningempendekezea nani PostgreSQL? Mtu yeyote ambaye wateja wake wanaongea kwa wiki, mradi awe tayari kujifunza amri chache, kwa sababu vitufe vya kubonyeza peke yake havitoshi. Asiyetaka hayo abaki na spredishiti yake, ila atafute fomula ya ISO, ipo. Na asingoje sana: Januari mosi 2027 ni Ijumaa, kama ile ya 2021. Nimeshaiandika kwenye jedwali langu la majaribio. Imenijibu wiki ya 53, mwaka 2026.