Ritachi Mwanga, Kigoma: safari hii sikuungua

Nimeshaenda mara tatu kwenye saluni hii ndogo ya Mwanga kufuata ritachi, yaani dawa ya kunyoosha nywele zilizoota upya, kwa hiyo naisema nikiijua. Mara ya kwanza dada fundi alinirudisha nyumbani na pesa yangu mkononi.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka jana, kesho yake ikiwa sendofu ya mdogo wangu, nilikimbilia saluni nyingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimefumua rasta, na kichwa nimekikuna mpaka basi. Fundi hakuuliza kitu. Alianza kupaka dawa mbele, kwenye vinyweleo laini vya usoni, bila hata mafuta ya mgando. Simu ikaita, akatoka nje. Aliporudi nikamwambia inaniunguza. "Vumilia kidogo dada, ishike." Nikavumilia, maana wengi tumezoeshwa hivyo, kwamba dawa isiyouma haijashika. Usiku ule mto ulinigandia nyuma ya sikio. Wiki haikuisha, nywele za pembeni zikang'oka, pakabaki peupe kama sarafu ya mia tano. Miezi minne nilitembea na kilemba.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu wa Ujiji, anayepika sabuni ya mise, mafuta ya kokwa za michikichi. Nilipomsomea maandishi ya kwenye kopo la dawa, sodiamu haidroksaidi, nikamweleza kuwa hiyo ndiyo kostiki, alishika mdomo. Kostiki anayoijua yeye haishikwi bila glavu, na watoto hawasogei karibu na ndoo. Sisi tunapakwa kichwani juu ya michubuko, tunaambiwa tuvumilie. Zipo dawa zisizo na kostiki, lakini nazo ni kali, zinababua vilevile.

Sasa huyu dada wa Mwanga. Kabla sijakaa vizuri aliuliza nimefumua lini, nimejikuna, nimeosha lini. Akagawa nywele mafungu manne, akapitisha kidole polepole kwenye kila mstari, akakuta vidonda viwili vimeanza kukauka. "Dada yangu, leo sikuweki. Rudi vikipona." Kulikuwa na wateja wawili tu siku hiyo, na bado aliiacha elfu kumi na tano yangu iende.

Niliporudi alipaka mafuta masikioni, shingoni na kuzunguka uso wote, akavaa glavu, akaanzia nyuma, akamalizia mbele. Dawa iligusa maotea peke yake, zile nywele mpya za kwenye shina. Saa iko ukutani na aliitazama. Nilipomwambia shingoni panawasha hakubishana, alinisimamisha hapo hapo tukaenda kwenye maji.

Kwenye kuosha ndipo aliponimaliza kabisa. Ana shampuu maalumu ya kuondoa dawa, ile ambayo povu lake hugeuka waridi kama dawa bado imo. Povu la kwanza alilichota akaniletea mbele ya macho, waridi kabisa. La pili limepauka. La tatu jeupe kama la sabuni ya kufulia. Nikakumbuka kule kwingine niliosha mara moja tu, tena kwa shampuu ya kawaida, nikakalishwa kwenye draya dawa ikiwa bado inakula ngozi.

Si kwamba kila kitu kiko sawa. Taulo hazitoshi. Mara ya pili nilipewa iliyotoka kwa mteja mwingine, ikiwa bado mbichi, nikaikataa. Aliomba radhi, lakini mpaka leo naenda na taulo na kitana changu, kwa sababu mashilingi, ule ugonjwa wa ngozi ya kichwa, hayachagui mtu. Miguu sisafishi pale, beseni ni moja na sijaona likisuguliwa kati ya mteja na mteja. Nilimwambia hilo pia, akasema ataongeza la pili. Nilipokwenda mara ya mwisho lilikuwa bado moja.

Jumamosi usiende, foleni inafika mlangoni. Mimi huenda Jumanne asubuhi, na nikishafumua nasubiri wiki nzima kwanza.