Belgrave Road, Leicester: tulifuata sari, tukarudi na mihogo

Nipo Birmingham, Uingereza, mwaka wa sita sasa, na kila nikisema nimeikumbuka mihogo ya Coco Beach kuna mtu ananiambia nenda Leicester, mimi napuuzia tu. Mpaka mtoto wa rafiki yangu alipoposwa na familia ya Kigujarati, ikabidi twende kutafuta sari za harusi. Jamani. Miaka yote hiyo nilikuwa nakosa nini.

Kwa asiyepajua, Belgrave Road ndiyo ile barabara wanayoiita Golden Mile, ukiifuata mbele inageuka kuwa Melton Road, na huku na huku ni maduka ya dhahabu, sari, ladu na jilebi, mboga, masufuria, pamoja na migahawa mingi isiyopika nyama kabisa. Kutoka stesheni ya treni tulitembea kama dakika 25. Wikiendi msije na gari, wenzetu waliokuja na gari walizunguka karibu saa nzima wanatafuta pa kuegesha.

Sari kwanza maana ndiyo iliyotupeleka. Duka tuliloingia lina jukwaa fupi limetandikwa shuka jeupe, wewe unakaa, kaka muuzaji anavuta kitambaa rafuni anakirusha kinafunguka chote mbele yako, mita tano na nusu, hujasema kitu ameshafungua kingine, kumi, kumi na tano, na wala hanuni ukikataa. Akatuonyesha panetar, ile nyeupe yenye nyekundu anayovaa bibi harusi wa Kigujarati, halafu akatoa bandhani akatusogezea karibu tuone vile vidoa, kila kidoa hapo kitambaa kimefinywa kikafungwa uzi kwa mkono kabla ya kutiwa rangi, ndiyo maana ukikinyoosha kinarudi kujikunja chenyewe. Mimi nimekua na khanga, vitambaa navipenda, nilikishika kile kitambaa nikasahau tumefuata nini. Huduma pale nyota tano, sina la kuongeza.

Dhahabu ni ya karati 22, tafuteni muhuri wa 916, siyo ile ya karati 9 iliyojaa kwenye maduka mengine ya huku Uingereza. Ila kuweni macho. Duka moja lilitupigia bei ya jumla tu, tukiuliza uzito ni gramu ngapi na ufundi ni shilingi ngapi wanazungukazunguka, tukaondoka. Duka la pili walipima mbele yetu wakaandika kila kitu kivyake kwenye risiti, hapo ndipo mama mtu akanunua.

Sasa mihogo. Kwenye menyu imeandikwa "mogo", na ukiitamka hivyo mhudumu anakuelewa mara moja. Inakuja imekatwa vipande vinene, imechemshwa kwanza ikakaangwa, nje kavu ndani inamumunyika, imepakwa pilipili, chumvi na ndimu, na ukwaju pembeni. Sahani pauni 6 na kitu. Kwa muhogo ni ghali, lakini nilipotafuna cha kwanza nilinyamaza, mwenzangu ananiuliza vipi, nikamwambia ngoja kwanza. Bajia zao za viazi nazo nzuri sana, chai ilikuwa na sukari mno.

Ila kilichonifanya niandike yote haya ni duka la mboga. Tumesimama kwenye muhogo mbichi, namwambia mwenzangu kwa Kiswahili huu mkavu tuuache, mara sauti kutoka kaunta: "Huo wa juzi. Chukua wa huku, umekuja leo." Nageuka, bibi wa Kihindi, kavaa sari na sweta juu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, unatoka wapi, Dar sehemu gani, Ilala gani. Kumbe kazaliwa Mwanza, akaolewa Jinja, na huko Uganda ndiko Idi Amin alikowafukuza Wahindi. Agosti 1972 walitangaziwa, siku 90 wawe wameondoka. Karibu watu 28,000 wakaja Uingereza. Na huku nako Septemba ya mwaka uleule halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Nikamuuliza bibi, tangazo mliliona? Akasema waliliona, lakini shemeji yake alikuwa tayari yupo hapa, na mtu na mtoto mgongoni aende wapi kwingine? Akaanza kiwandani kushona soksi. Barabara hii wakati huo maduka mengi yalikuwa matupu, kodi rahisi, watu wakaanza kuyachukua moja moja.

Na si Uganda peke yake. Wapo wa Kenya walioondoka mwishoni mwa miaka ya 60 vibali vya kazi na leseni za biashara vilipobana, wapo wa kwetu walioondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971. Kwa hiyo mtu akiniambia Belgrave Road ni India ndogo namkatalia. Ina India, ndiyo, lakini imepitia Jinja, Kisumu, Mwanza na Mombasa kabla ya kufika, na hilo sikuliona limeandikwa popote pale barabarani. Mjukuu wa bibi anayekaa kwenye mashine ya malipo hajui Kiswahili, lakini nyumbani kwao wanasema fagio, kisu, sufuria, jugu, na miaka yote alijua ni Kigujarati. Bibi akamwambia muulize huyu dada. Nikamwambia ni Kiswahili, na sisi tukisema gari, pesa, chapati, laki, tumechukua kwenu. Akatoa simu akaanza kuandika orodha.

Wenye duka wa umri wa bibi wamebaki wachache, wengi niliowaona kaunta ni watoto na wajukuu. Mkienda ongeeni Kiswahili kwa sauti, msione haya, mtashangaa nani ataitikia.

Nyota nne kwa barabara nzima, moja nimeitoa kwa sababu ya yule sonara na maegesho. Mimi narudi Diwali, wanasema taa zinawashwa barabara yote na umati haupitiki. Bibi nimemuahidi ubuyu wa Zanzibar, akaniita nimeshafika mlangoni: "Ulete na ule wa pilipili."