Valpolicella Ripasso: Uchungu wa Mwisho Ndio Utamu Wake

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mbele yangu ipo chupa ya Valpolicella Ripasso, mvinyo mwekundu wa mseto kutoka vilima vya kaskazini mwa Verona, nchini Italia. Lebo na umbo la chupa mnaviona wenyewe, kwa hiyo nitaviruka.

Mseto huu unaongozwa na zabibu za Corvina na Corvinone, zikisaidiwa na Rondinella. Mvinyo wa kawaida wa Valpolicella humiminwa juu ya maganda yaliyobaki baada ya kutengenezwa Amarone, mvinyo mzito wa eneo hilohilo, na kwa kuwa zabibu za Amarone huanikwa kwa miezi kadhaa hadi zikasinyaa, maganda hayo bado huwa na sukari inayouchachua mvinyo kwa mara ya pili. Watengenezaji mvinyo wa Masi ndio walioupa mtindo huu umaarufu kwa mvinyo wao wa Campofiorin wa mwaka 1964.

Sasa tazameni. Naiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: katikati ni damu ya mzee, na ukingoni wekundu unafifia. Puani napata cheri kavu, pilipili manga na kakao kwa mbali. Napiga funda, nalizungusha mdomoni kabla ya kumeza. Unatangulia utamu wa tunda, kisha mate yanajaa pande zote mbili za ulimi, na hiyo ndiyo asidi ya Corvina inayofanya kazi. Halafu, ngojeni kidogo, ufizi unakauka na unabaki uchungu mwepesi wa lozi. Nala kipande cha jibini ya Monte Veronese, napiga funda la pili, na ule ukavu unalainika huku uchungu ukisalia palepale. Hapo ndipo ninapoupendea mvinyo huu, na ndiyo maana huniudhi kusikia ukiitwa Amarone ya maskini. Amarone ni nzito, kilevi chake hakipungui asilimia 14, bei yake aghalabu ni mara mbili ya hii au zaidi, na mezani humeza ladha ya chakula.

Hata hivyo, tangu tuanze kuzungumza glasi imepata joto, na sasa kilevi kinanichoma pua kiasi kwamba cheri siisikii tena, kwa hiyo sifa nilizomwaga mwanzoni nazipunguza kidogo. Unyweni ukiwa na nyuzi 16 hadi 18. Sisi tunaoishi penye joto tuuweke kwanza kwenye friji, hata wauzaji wakisema mvinyo mwekundu haupozwi.

Mlioomba Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Toscana, video yake ndiyo inayofuata: zabibu za Sangiovese zisizopungua asilimia 80, na zabibu nyeupe zimepigwa marufuku ndani yake tangu mavuno ya 2006. Jisajilini isiwapite. Ripasso hii nitainunua tena, ila muuzaji akitaka zaidi ya nusu ya bei ya Amarone, nitamrudishia chupa yake.