Programu za slaidi na mabango kwa mwalimu: ipi uchukue, na hela yako iende wapi

Muhula uliopita niliandaa slaidi za moyo wa binadamu kwa Kidato cha Pili. Usiku nyumbani nikazitengeneza kwa programu moja, asubuhi nikazifungua kwa programu nyingine kwenye kompyuta ya shule. Herufi zikawa zimenenepa, majina yamehama, na neno "aorta" limekwenda kukaa juu ya ventrikali ya kulia. Sikuliona mpaka nilipokuwa nasahihisha jaribio: kijana wa dawati la mbele alikuwa amenakili mchoro wangu vilevile. Sikuwa na uso wa kumkata maksi.

Tangu hapo sichagui programu kwa uzuri wake. Nauliza kwanza: faili hili litafunguka vipi kwenye chumba kile, kwa mashine ile, bando likiwa limekwisha? Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo. Wewe ambaye shule yako ina Wi-Fi ya uhakika, pindua nafasi upendavyo, na utuombee na sisi.

Ya kwanza: PowerPoint

Ni ya zamani, ilitoka mwaka 1987, na haina mbwembwe. Lakini kila kompyuta utakayoikuta imeunganishwa na projekta inajua kusoma faili lake, na hilo peke yake linaipa nafasi ya kwanza. Haihitaji intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta.

Usikimbilie kulipia. Shule zilizotambuliwa na Microsoft hupata bure toleo la kutumia mtandaoni, ila ni shule inayojisajili, si mwalimu mmojammoja, kwa hiyo mpelekee mkuu wa shule hoja hiyo mapema. Programu ya simu nayo hukuruhusu kuhariri bure ikiwa skrini haizidi inchi 10.1. Wenye vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, hapo ndipo pa kuanzia.

Mambo mawili ya kuangalia. Tangu toleo la 2013, slaidi mpya huja na umbo pana la 16:9, wakati projekta nyingi kuukuu ni za 4:3, umbo linalokaribia mraba. Usipobadilisha, picha inabanwa katikati na mwanafunzi wa nyuma haoni kitu. La pili ndilo lililonitia aibu: fonti, yaani aina ya mwandiko wa herufi. Kompyuta isipokuwa na fonti uliyotumia, inaweka nyingine yenye upana tofauti, na kila kitu kinasogea. Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi na uweke tiki kwenye kipengele cha kubeba fonti ndani ya faili. Au tumia Arial tu, yaishe.

Ya pili: Canva

Kwa mabango, vyeti, kadi za maswali na ratiba ya ukutani, hakuna inayoifikia. Mtu aliyezoea maka peni na karatasi za manila anaielewa ndani ya nusu saa: unachagua kiolezo (bango lililokwisha kupangwa), unafuta maneno ya watu, unaandika yako.

Kitu ambacho walimu wengi hawakijui: wa msingi na sekondari tunapewa bure akaunti ya elimu, yenye karibu kila kitu ambacho wengine wanakilipia. Unaomba kwa kupakia uthibitisho kwamba unafundisha, kama cheti cha ualimu au barua ya ajira, kisha unasubiri wakague. Ukikubaliwa, unawaalika na wanafunzi wako, nao hawalipi.

Kwa hiyo achana na wale wanaouza "Canva Pro ya mwaka mzima" kwenye magrupu ya WhatsApp kwa bei ya chipsi mayai. Mimi nilinunua. Muuzaji anachofanya ni kukuingiza kwenye timu yake. Siku akikutoa, au timu ikifungwa, kazi ulizotengeneza humo zinabaki hukohuko. Nilipoteza mabango ya wiki ya taaluma, na namba ya muuzaji haikupatikana tena.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu kazi yake inataka mtandao, na picha zake zinakula bando. Tengenezea mahali penye intaneti nzuri, kisha pakua. Ukipakua kama PDF, fonti zinakaa zilipo. Ukipakua kama faili la PowerPoint, rudi ukasome habari za moyo wangu hapo juu. PDF haichezi video wala michoro inayotembea, lakini darasa la watoto themanini halijawahi kuniuliza kwa nini kichwa cha habari hakiruki.

Ya tatu: Google Slides

Hii ni ya kazi za vikundi. Watu hadi 100 wanaweza kuhariri faili moja kwa wakati mmoja, na historia ya mabadiliko inakuonyesha nani kaandika nini. Wale wanaojificha nyuma ya mwenzao mwenye bidii, humu wanaonekana. Inajihifadhi yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi kazi ya saa zima.

Bila mtandao pia inafanya kazi, ila sharti uliruhusu faili hilo kupatikana nje ya mtandao ukiwa bado unao. Ukikumbuka mlangoni mwa darasa, umechelewa. Nafasi ya bure ni GB 15, na unaigawana na barua pepe na picha zako.

Ya nne: LibreOffice Impress

Kwa maabara ya kompyuta zilizochoka na shule isiyo na bajeti. Ni bure moja kwa moja, halali, na haidai akaunti. Kuipakua ni zaidi ya MB 300, lakini unaipakua mara moja tu, unaiweka kwenye flashi na kuizungusha kompyuta zote. Sura yake ni ya kizee. Heri hiyo kuliko PowerPoint ya kukraki iliyokuja na virusi.

Nyingine kwa ufupi. WPS Office ni nyepesi kwenye simu, ila toleo la bure lina matangazo, nawe hutaki tangazo litokee ukutani mbele ya Kidato cha Kwanza. Keynote ni nzuri sana, kwa wenye vifaa vya Apple. Prezi inavuta na kurudisha picha hadi kichwa kinazunguka, nisingelipia.

Hela sasa

Kama ulitenga fedha kwa ajili ya programu, nunua waya wa HDMI wa mita tano, ili usimame mbele ya darasa badala ya kuchutama pembeni ya projekta. Nunua na flashi mbili, maana ya kwanza utaazimwa. Kitambaa kizito cha dirishani nacho kinasaidia: mimi natumia kanga mbili na misumari, na slaidi zangu ni herufi nyeusi juu ya nyeupe, ukubwa usiopungua 28.

Adapta ya kuunganisha simu na projekta usiinunue kwa kuangalia tundu tu. Simu nyingi za bei nafuu zina tundu la Type-C lakini hazitoi picha kupitia hapo, hata adapta iwe nzuri kiasi gani. Nenda na simu yako dukani, mwambie muuzaji aichomeke kwenye TV yake, picha ikitokea ndipo utoe hela.